Virusi vya Njia ya Hewa na Athari Zake kwa Ubongo na Mishipa ya Fahamu

Wanafunzi wengi husoma mfumo wa upumuaji katika mada moja na mfumo wa fahamu katika mada nyingine, kisha hufika kwenye mtihani wakiamini kwamba mifumo hiyo miwili haikutani. Mwilini inakutana. Kirusi kinachoingia kwa pua au koo kinaweza kumfanya mtoto apate degedege, kijana apoteze uwezo wa kunusa, au mtu mzima ashindwe kunyanyua miguu. Sehemu hii inakueleza jinsi hayo yanavyotokea. Inakueleza pia unachopaswa kufanya unapoyaona nyumbani, kwa sababu hapa Mtwara huenda ukayaona kabla ya kuulizwa juu yake katika mtihani.

Baada ya kusoma sehemu hii utaweza:

1. Kutaja njia tatu ambazo virusi vya njia ya hewa huathiri ubongo na mishipa ya fahamu.
2. Kueleza mifano ya surua, UVIKO-19 na homa ya mafua.
3. Kutambua dalili za hatari na kutoa huduma ya kwanza kwa mtu mwenye degedege.
4. Kueleza jinsi ya kuzuia madhara hayo.

MAMBO YA MSINGI YA KUKUMBUKA

Kirusi ni kitu kidogo mno chenye chembe za urithi zilizofunikwa na protini. Hakiwezi kuzaliana chenyewe. Lazima kiingie ndani ya seli hai na kuitumikisha itengeneze virusi vingine. Ili kiingie, kirusi hujishika kwanza kwenye sehemu maalumu za utando wa seli zinazoitwa vipokezi. Seli isiyo na kipokezi kinachofaa haiingiliki kirahisi. Ndiyo sababu kirusi kimoja hupenda koo, kingine hupenda ini, na kingine utumbo.

Virusi vya njia ya hewa husambaa kwa matone na chembe ndogo za mate zinazotoka mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuongea. Mifano ni virusi vya homa ya mafua, virusi vya UVIKO-19 na virusi vya surua. Usishangae kuikuta surua katika orodha hii. Watu wengi huikumbuka kwa vipele vyake, lakini kirusi chake huingia kwa njia ya hewa na huanza kazi humo.

Mfumo wa fahamu una sehemu mbili. Ya kwanza ni mfumo mkuu, yaani ubongo na uti wa mgongo. Ya pili ni mishipa ya fahamu inayounganisha mfumo huo na misuli, ngozi na viungo vingine. Ubongo unalindwa na fuvu, utando, maji yanayouzunguka, na ulinzi mwingine usioonekana kwa macho: kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo zimebanana sana, hivyo hazipitishi kila kilichomo kwenye damu. Ulinzi huu huitwa kizuizi cha damu na ubongo.

Kwa sababu ya kizuizi hicho, virusi vingi vya mafua haviingii ubongoni kabisa. Hata hivyo ubongo unaweza kuumia. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama: hudhani kwamba ubongo ukiathirika, basi lazima kirusi kimeingia ndani yake. Zipo njia tatu, na moja tu ndiyo inayohitaji kirusi kuingia.

NJIA TATU ZA MADHARA

Njia ya kwanza: kirusi kuingia kwenye mfumo wa fahamu

Kirusi kinaweza kusafiri kwa damu na kuvuka kizuizi, au kubebwa na chembechembe nyeupe za damu zilizoambukizwa. Kikifika ubongoni, huambukiza seli na kusababisha uvimbe wa ubongo. Mgonjwa huwa na homa, kichwa kinamuuma sana, anachanganyikiwa, anapata degedege au anapoteza fahamu. Kwa virusi vya njia ya hewa hali hii ni nadra, lakini ikitokea ni ya hatari.

Njia ya pili: kinga ya mwili kuzidi kiasi au kukosea shabaha

Mwili ukigundua virusi, chembechembe za kinga hutoa kemikali za kuitana na kuchochea mapambano, ziitwazo saitokini. Kemikali hizo zikifika kwenye sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, homa hupanda. Zikiwa nyingi kupita kiasi hulegeza kizuizi cha damu na ubongo, na ubongo unaweza kuvimba hata kama hakuna kirusi ndani yake.

Kinga inaweza pia kukosea shabaha. Baadhi ya protini za vijidudu zinafanana na sehemu za mishipa yetu ya fahamu. Kingamwili zilizotengenezwa kupambana na kijidudu hugeuka na kushambulia mishipa hiyo, hasa maielini, yaani ganda la mafuta linalozunguka nyuzi za fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Ganda likiharibika, ujumbe hupita polepole au haupiti kabisa. Madhara ya namna hii huja siku au wiki kadhaa baada ya ugonjwa wa kwanza, wakati mgonjwa anadhani amekwisha kupona.

Njia ya tatu: upungufu wa oksijeni na matatizo ya damu

Ubongo ni sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, takribani asilimia 2, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mtu anapokuwa ametulia. Mapafu yakijaa maji na usaha kwa nimonia, oksijeni katika damu hushuka na ubongo huwa wa kwanza kulalamika: mgonjwa huanza kuweweseka, kusinzia au kuchanganyikiwa. Vilevile, maambukizi makali yanaweza kufanya damu igande ndani ya mishipa. Bonge la damu likiziba mshipa unaolisha ubongo, mtu hupata kiharusi.

Zingatia: Ukiulizwa "Eleza jinsi ugonjwa wa mapafu unavyoweza kuathiri ubongo", anza na njia hii ya tatu. Ni rahisi kuieleza, na inaunganisha mifumo mitatu: upumuaji, damu na fahamu.

MFANO WA 1: SURUA

Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza haraka kuliko yote. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Kirusi huingia kwa njia ya hewa, hubebwa na chembechembe za kinga hadi kwenye tezi, kisha husambaa mwilini kwa damu. Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu huanza kwanza. Vipele hufuata, kwa kawaida siku 14 hivi baada ya kuambukizwa.

Ubongo unaweza kuathirika kwa namna mbili ambazo ni lazima uzitofautishe.

Namna ya kwanza ni ya mapema. Takribani mgonjwa 1 kati ya 1,000 wa surua hupata uvimbe wa ubongo, mara nyingi ndani ya siku au wiki chache tangu vipele vitokee. Wengine hufariki. Baadhi ya wanaopona hubaki na ulemavu, kama vile kifafa, uziwi au ugumu wa kujifunza.

Namna ya pili ni ya kuchelewa. Kwa watoto wachache, kirusi cha surua hujificha ubongoni. Mtoto hupona, hukua, huanza shule. Kisha miaka 7 hadi 10 baadaye anaanza kusahau, tabia inabadilika, alama za darasani zinashuka, mwili unashtukashtuka, na hatimaye anapoteza fahamu. Ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Huwapata watu wachache sana, takribani 4 hadi 11 kati ya kila wagonjwa 100,000 wa surua, lakini hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeugua surua kabla ya kutimiza miaka 2.

Fikiria maana yake. Mwalimu anaweza kumwona mwanafunzi kama mvivu, na jirani akasema amerogwa, kumbe chanzo ni surua aliyougua akiwa mchanga. Chanjo iliyokosekana wakati ule ndiyo ingemkinga. Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu ukishaanza.

Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubela kwa dozi mbili: ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Chanjo hii ya pamoja ilianza kutumika nchini mwaka 2014, na Februari 2024 kulikuwa na kampeni ya nchi nzima kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ili surua isisambae, inakadiriwa kwamba watu 95 kati ya kila 100 wanapaswa kuwa na kinga. Mtwara inapakana na Msumbiji, na watu huvuka Ruvuma kwa biashara, kwa ndoa na kwa kutembelea ndugu. Kirusi huvuka nao. Hivyo mtoto asiyechanjwa Msimbati au Kilambo hayuko salama kwa sababu tu kijiji chake hakina mgonjwa leo.

MFANO WA 2: UVIKO-19

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 mkoani Arusha. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kufunga shule. Kidato cha Sita walirudi darasani tarehe 1 Juni, na wengine tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Ugonjwa huu ulifundisha watu wengi kwa mara ya kwanza kwamba maradhi ya mapafu yana dalili za fahamu. Dalili iliyojulikana zaidi ni kupoteza uwezo wa kunusa. Mtu aliweza kusimama mbele ya samaki wa kukaanga asisikie harufu yoyote, ingawa pua yake haikuziba.

Sababu yake ni swali zuri la mtihani. Juu ndani ya pua kuna seli za fahamu zinazopokea harufu. Pembeni yake zipo seli za kuzitegemeza na kuzilisha. Kirusi cha UVIKO-19 hushika kipokezi ambacho kimo kwa wingi kwenye seli hizo tegemezi kuliko kwenye seli za fahamu zenyewe. Seli tegemezi zikifa, seli za fahamu hushindwa kufanya kazi. Kwa kuwa seli tegemezi huota upya, watu wengi hurudiwa na uwezo wa kunusa baada ya wiki chache, ingawa wengine huchukua miezi.

Dalili nyingine za fahamu zilizoonekana ni maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa kwa wagonjwa mahututi na wazee, na kiharusi kutokana na damu kuganda. Baadhi ya waliopona walibaki kwa miezi na uchovu mkubwa, usahaulifu na ugumu wa kufikiri. Mtu wa namna hiyo hajidekezi. Ubongo wake unahitaji muda.

MFANO WA 3: HOMA YA MAFUA, ASPIRINI NA MIGUU INAYOLEGEA

Homa ya mafua huwapitia wengi na kuisha yenyewe. Kuna madhara mawili ya fahamu yanayokuja kwenye mitihani.

La kwanza linahusu dawa. Mwaka 1963 daktari wa Australia, R. Douglas Reye, na wenzake walieleza ugonjwa wa watoto ambao ubongo huvimba ghafla na ini huharibika. Baadaye iligundulika kwamba mara nyingi watoto hao walikuwa na mafua au tetekuwanga na walipewa aspirini. Tangu miaka ya 1980 nchi nyingi zilianza kuonya, na ugonjwa huo ukapungua sana. Kwa hiyo mtoto au kijana wa chini ya miaka 16 mwenye homa asipewe aspirini isipokuwa daktari ameagiza. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo inayofaa. Ukitumwa duka la dawa kununua "dawa ya homa" ya mdogo wako, soma jina lililoandikwa kwenye pakiti.

La pili ni ugonjwa wa Guillain-Barré, uliopewa majina ya madaktari wa Ufaransa waliouelezea mwaka 1916. Siku chache au wiki kadhaa baada ya mafua, au baada ya kuharisha, mtu huhisi ganzi na udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda juu. Huu ni mfano wa kinga kukosea shabaha na kushambulia mishipa ya fahamu. Ukipanda hadi misuli ya kifua, mgonjwa hushindwa kupumua na huhitaji mashine. Wengi hupona wakipata huduma mapema, japo kwa miezi mingi.

KUTOKEA PAMOJA SI KUSABABISHANA

Mwaka 1918 homa kali ya mafua ilienea duniani na kuua mamilioni ya watu, Afrika Mashariki ikiwemo. Katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1917, daktari Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa wa ubongo uliofanya watu walale usingizi mzito kwa siku nyingi, na baadhi yao baadaye wakakakamaa mwili. Wengi walisema mafua ndiyo yaliyouleta. Lakini ugonjwa wa usingizi ulianza kuonekana kabla ya wimbi kubwa la mafua, na uhusiano huo haujathibitishwa hadi leo. Jifunze kutoka hapo: mambo mawili kutokea wakati mmoja hakutoshi kusema moja limesababisha lingine. Ukipewa jedwali au grafu kwenye mtihani, tafuta ushahidi mwingine kabla ya kutaja chanzo.

DEGEDEGE: SURA MOJA, VYANZO VINGI

Mtoto mwenye degedege hukakamaa, macho hupinduka, mikono na miguu hurusharusha, na pengine povu hutoka mdomoni. Katika maeneo mengi ya pwani yetu, wazee walilieleza jambo hili kwa dege, ndege au pepo anayepita juu usiku na kivuli chake kumwangukia mtoto. Kwa imani hiyo, mtoto hufukizwa na kupakwa dawa za asili kwanza. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo humchelewesha hospitali.

Usiwadharau wazee. Waliiona hali hii vizuri na waliipa jina linalodumu mpaka leo, na walijua kwamba ni ya hatari. Tatizo liko kwenye saa zinazopotea. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa sana hufa hata akichomwa sindano, na sindano hulaumiwa kwa kifo kilichosababishwa na kuchelewa.

Sasa tazama vyanzo. Chanzo cha kawaida ni homa yenyewe. Watoto 2 hadi 5 kati ya kila 100 hupata degedege la homa wakiwa kati ya miezi 6 na miaka 5, mara nyingi kwa sababu ya virusi vya njia ya hewa. Ubongo wa mtoto mdogo haujakomaa, na homa huufanya utoe mishtuko ya umeme bila mpangilio. Degedege la aina hii mara nyingi huisha ndani ya dakika chache na kwa kawaida haliharibu ubongo.

Lakini malaria kali, homa ya uti wa mgongo na uvimbe wa ubongo huleta degedege la sura ileile. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Kwa macho, hakuna mama, bibi wala mwalimu anayeweza kutofautisha. Kinachotofautisha ni vipimo: kipimo cha damu cha malaria, na ikibidi, maji ya uti wa mgongo. Maji hayo huchukuliwa kwa sindano sehemu ya chini ya mgongo, chini ya pale uti unapoishia, kwa hiyo sindano haigusi uti. Katika maambukizi ya bakteria maji mara nyingi huwa na ukungu; katika ya virusi mara nyingi huwa maangavu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kila mtoto mwenye homa na degedege apelekwe kwenye kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, hata kama degedege limekwisha na anacheza.

USICHANGANYE: CHIKUNGUNYA

Watahini hupenda kupima kama unatofautisha njia za maambukizi. Chikungunya ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye Uwanda wa Makonde, eneo la Newala. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandikia mwaka 1955. Jina lake limetoka katika Kimakonde na linahusu kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu ya viungo. Dunia nzima hulitumia jina hilo.

Chikungunya nayo inaweza kuathiri ubongo, hasa wa watoto wachanga. Lakini haienezwi kwa kikohozi. Huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambao huuma mchana. Barakoa haimzuii mbu, na chandarua hakizuii surua. Jua njia ya maambukizi kwanza, ndipo utaje kinga.

DALILI ZA HATARI NA HUDUMA YA KWANZA

Mtu mwenye homa au aliyetoka kuugua mafua apelekwe haraka kwenye huduma ukiona mojawapo ya haya:

- degedege, au kupoteza fahamu;
- usingizi usio wa kawaida, mgonjwa akiwa haamki vizuri;
- mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, au kutapika kila anachopewa;
- shingo kukakamaa, au kichwa kuuma vikali pamoja na kuogopa mwanga;
- kuchanganyikiwa au kubadilika tabia ghafla;
- miguu au mikono kulegea, uso kupinda upande mmoja, au kushindwa kuongea;
- kupumua kwa shida.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko wataamua kama mgonjwa apewe rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara.

Kwa mtu mwenye degedege, fanya hivi:

1. Mlaze chini kwa ubavu, mahali pasipo na moto, maji au vitu vyenye ncha.
2. Legeza nguo shingoni na weka kitu laini chini ya kichwa.
3. Tazama saa. Likizidi dakika 5, ni dharura kubwa.
4. Usitie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Usimpe maji, chakula wala dawa ya kunywa.
5. Usimkandamize ili kuzuia mishtuko.
6. Likiisha, mwache kwa ubavu, kisha mpeleke hospitali.

Nyumbani huenda wewe ndiye pekee uliyesoma haya. Ongea kwa adabu: "Bibi, dawa zako tutazirudia. Kwanza twende zahanati wampime malaria." Maneno hayo machache yanaokoa saa nzima.

KINGA

Chanjo ya surua na rubela kwa dozi zote mbili ndiyo kinga yenye nguvu kuliko zote kwa ubongo wa mtoto dhidi ya surua. Kagua kadi ya kliniki ya wadogo zako. Dozi ya pili ndiyo husahaulika mara nyingi. Nawa mikono, funika mdomo kwa kiwiko unapokohoa, fungua madirisha ya darasa na bweni, na asiyejisikia vizuri asilale katikati ya wenzake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja njia tatu ambazo virusi vya njia ya hewa huathiri mfumo wa fahamu. (Alama 3)
2. Mwanafunzi alipoteza uwezo wa kunusa wakati wa UVIKO-19, kisha akarudiwa nao baada ya wiki 3. Eleza sababu. (Alama 4)
3. Mtoto wa miaka 2 ana homa. Amepata degedege la dakika 3, sasa anacheza. Jirani anasema hakuna haja ya kwenda zahanati. Je, unakubaliana naye? Toa sababu mbili. (Alama 4)
4. Kwa nini si salama kumpa mtoto mwenye mafua aspirini? (Alama 2)
5. Tofautisha surua na chikungunya kwa njia ya maambukizi na kinga. (Alama 4)

MWONGOZO WA MAJIBU

1. Kirusi kuingia kwenye mfumo wa fahamu. Kinga ya mwili kuzidi kiasi au kukosea shabaha. Upungufu wa oksijeni au damu kuganda.
2. Kirusi huharibu seli tegemezi ndani ya pua, hivyo seli za fahamu za harufu hushindwa kufanya kazi. Seli tegemezi huota upya, na uwezo wa kunusa hurudi.
3. Sikubaliani naye. Kwanza, malaria kali na homa ya uti wa mgongo huleta degedege la sura ileile, na vipimo pekee ndivyo hutofautisha. Pili, kuchelewa kutibu magonjwa hayo husababisha kifo au ulemavu.
4. Huongeza hatari ya ugonjwa wa Reye, ambao huvimbisha ubongo na kuharibu ini.
5. Surua huenezwa kwa njia ya hewa, na hukingwa kwa chanjo ya dozi mbili. Chikungunya huenezwa na mbu wa Aedes, na hukingwa kwa kuondoa mazalia ya mbu na kujikinga wasiume mchana.

Ukikosa swali la 3, rudi kwenye sehemu ya degedege uisome tena kabla ya kuendelea na mada inayofuata.